Magogo Yanaondoka, Kazi Inaondoka Nayo

Mti ambao ndugu zetu wa Newala wanauita mkongo, sisi wa Mueda, ng'ambo ya pili ya mto Ruvuma, tunauuza kwa jina la chanfuta. Mninga wao ni umbila yetu. Mpingo wao kwetu huandikwa pau-preto katika karatasi zote za leseni, lakini Mmakonde wa huku na Mmakonde wa kule wanauchonga kwa patasi za namna moja. Msitu ni mmoja. Mto umepita katikati tu, na mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno bila ya kumwuliza mtu.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi wa mbao na wa bandari, mtu akitaka kujua siasa ipi ya mbao inamfaa mfanyakazi na ipi inamdhuru, hana haja ya kusafiri mbali. Hapa pana nchi mbili, Tanzania na Msumbiji, zenye miti ya aina moja, zinazouza mbao zao ngumu kwa mnunuzi yule yule, na zenye sheria zinazofanana sana. Hata hivyo mambo hayakwenda sawa. Nataka tuangalie kwa nini, maana katika mikutano yetu husikia watu wakisema kwamba serikali ikikataza magogo kutoka, basi viwanda vitafunguliwa na kazi zitapatikana. Mimi nasema neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya pili ndiyo yenye kazi ndani yake.

Tuanze na zamani kidogo. Kabla ya meli za moshi, majahazi yalipakia boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na kuzipeleka Arabuni na Ghuba, ambako hapakuwa na miti ya kuezekea nyumba. Walipokuja wakoloni, kilichotafutwa kilikuwa gogo lenyewe. Upande wa kaskazini Waingereza walijenga bandari ya Mtwara kwa ajili ya mpango wao wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga hazikustawi kama walivyotumaini, na reli ya kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa, lakini bandari ilibaki, na mvule wa Rondo uliendelea kuangushwa na kupasuliwa. Upande wetu Wareno waligawa nchi kwa makampuni kama mtu anayegawa nguo za marehemu: Companhia do Nyassa ilitawala huku kaskazini hadi 1929, na Companhia de Moçambique ilitawala Manica na Sofala hadi 1942. Umbila na chanfuta zilikwenda Ureno, nyingine zilikwenda Afrika Kusini zikawa mataruma ya reli na vipande vya sakafu.

Baada ya uhuru nchi zote mbili zilijaribu kuushika uchumi huu kwa mikono ya umma. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, iliunda shirika la viwanda vya mbao, TWICO, ambalo lilikuwa na viwanda vya kupasulia magogo sehemu mbalimbali za nchi. Kwetu, mwaka 1975, walowezi wengi walikimbia, baadhi yao wakiharibu mitambo kabla ya kuondoka, na serikali ikavichukua viwanda vilivyoachwa bila wenyewe. Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri. Vipuri vilikosekana, fedha za kigeni zilikosekana, na msumeno ukivunjika meno ulikaa miezi ukisubiri mwingine. Lakini katika miaka hiyo gogo lililoangushwa lilitarajiwa kupita kiwandani. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, mtu hakulijadili.

Halafu kwetu ikaja vita, tangu 1977 hadi mapatano ya Roma ya Oktoba 1992. Tanzania haikuwa na vita ndani yake, ila kusini yake ilikuwa na barabara mbovu mno. Wakati wa masika gari lililotoka Dar es Salaam kwenda Lindi lilikuwa likikwama siku nyingi, na penye mto Rufiji ilikuwa lazima kungojea kivuko pale Ndundu. Ukweli wa ajabu ni kwamba kwa miaka mingi vita vyetu na matope yao ndivyo vilivyokuwa mabwana misitu hodari kuliko wote. Hakuna aliyekwenda kukata mkongo mahali ambapo lori halifiki, au mahali ambapo bomu limezikwa njiani.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza lilitokea mbali. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze, China ilianza kuzuia ukataji katika misitu yake ya asili, na viwanda vyake vya samani vikalazimika kutafuta magogo nje. La pili lilitokea karibu. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na malori yakaanza kupita masika na kiangazi. Kwetu barabara zilifunguliwa baada ya kuteguliwa mabomu. Wanunuzi walikuja pande zote mbili kwa wakati mmoja, na wote walitaka kitu kimoja: gogo zima, lenye afya, lenye unene wa kutosha, lipakiwe haraka.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kusema. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa juu ya ukataji wa kusini mwa Tanzania. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba mbao zilizoandikwa kuingia China kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo vitabu vya Tanzania vilisema zimetoka. Ilikadiria kwamba nchi ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru wa magogo uliostahili kulipwa haukulipwa. Maana yake, katika kila magogo mia moja, yaliyolipiwa sawasawa yanaweza kuwa manne tu. Taarifa ile haikuficha kwamba wakubwa na watumishi wa umma walikuwa wamo. Ikasomwa na wengi, wabunge wakauliza maswali, magazeti yakaandika.

Sasa tazama kwetu. Mwaka 2012 vitabu vya Msumbiji vilionyesha kwamba tumeuza nje, dunia nzima, mita za ujazo 260,000 na ushei za magogo na mbao. Mwaka huo huo China peke yake iliandika kupokea kutoka Msumbiji mita za ujazo 450,000. Ukitazama magogo tu, hesabu inatisha zaidi: sisi tuliandika elfu arobaini na ushei, wao waliandika zaidi ya laki tatu. Shirika la EIA lililolinganisha vitabu hivyo lilichapisha hesabu hiyo mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla ya hesabu hiyo, yaani 2011, makontena zaidi ya mia tano ya magogo yalikamatwa bandarini Nacala yakiwa tayari kupakiwa. Makontena mia tano si kitu cha kufichwa chini ya kanga. Yalipimwa, yalifungwa, yalibebwa na malori, yalipangwa na krini. Watu waliofanya kazi hiyo walikuwa wanachama wa vyama vyetu, na wengine mnayasoma maneno haya.

Basi sheria zilikuwa wapi? Zilikuwapo. Tanzania ilipiga marufuku magogo mazima kutoka nje katika miaka ya 2004 hadi 2006, ikatangaza na kurudia kutangaza. Sisi tulikuwa na kanuni tangu 2002 kwamba miti ya daraja la kwanza isitoke bila kupasuliwa, tukaongeza aina nyingine za miti mwaka 2007, halafu tangu Januari 2017 tukakataza magogo ya aina zote. Mwaka huo huo serikali ilifanya msako mkubwa ulioitwa Operação Tronco, na yadi nyingi zilikutwa na makosa. Lakini vitabu vya forodha vya China viliendelea kuandika magogo kutoka Msumbiji baada ya hapo, mwaka baada ya mwaka. Na tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, sehemu kubwa ya misitu ya Cabo Delgado haikuwa na bwana misitu wa kuikagua.

Niliwahi kufanya kazi ya kunoa misumeno katika kiwanda kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Tulikuwa na msumeno mkubwa wa mkanda, mashine ya kusawazisha, na tanuri la kukaushia lililofanya kazi nusu ya mwaka. Gogo moja la chanfuta lilipoingia mlangoni liliamsha watu wengi: wa kuliviringisha, wa kulipasua, wa kukata kingo, wa kupanga mbao na vijiti katikati ili hewa ipite, fundi wa kunoa, mlinzi wa tanuri, karani wa vipimo. Mabanzi yalichukuliwa na akina mama kwa kuni, vumbi la mbao lilichukuliwa na wafuga kuku. Halafu mwenye kiwanda akaona kwamba gogo zima linalipwa upesi kuliko mbao. Hakufunga kiwanda, la. Aliuacha msumeno mmoja ukifanya kazi ili mkaguzi akija asikie kelele. Magogo yalikuwa yakipitishwa hapo, yanachongwa pande nne yawe mraba, na kwenye karatasi yakaitwa mbao zilizopasuliwa. Sisi thelathini na wanne tulibaki tisa. Mimi nilikuwa wa kumi.

Ujanja huo wa kuchonga pande nne ndio unaofanya marufuku ya magogo kuwa nusu ya kweli. Sheria ikisema tu "gogo lisitoke," mfanyabiashara atalivua gogo ganda na kulipa jina jipya. Kazi yenyewe, ile ya kupasua mbao nyembamba, kuzikausha, kuzipiga randa, kutengeneza mlango au kiti, itaendelea kufanywa karibu na bandari kama Zhangjiagang, ambako magogo ya nchi nyingi za joto hushushwa. Mfanyakazi wa kule naye ana njaa yake na silaumu mkono wake. Lakini mshahara ule ulikatwa Montepuez na Nangurukuru ndipo ukapakiwa melini.

Nilisema kwamba mambo hayakwenda sawa katika nchi hizi mbili, na sasa nifike hapo. Tofauti niionayo mimi haikutoka katika marufuku. Ilitoka katika swali dogo: mti ni wa nani?

Kwetu, kwa sheria ya misitu ya 1999 na kanuni zake za 2002, msitu uliwekwa kuwa mali ya dola. Mwenye kukata alilipa ushuru, na asilimia 20 ya ushuru huo ilitakiwa kurudi kwa wananchi wa mahali pale. Ni jambo jema kwenye karatasi. Lakini ili fedha zitoke, wanakijiji walitakiwa waunde kamati, kamati iandikishwe, wajumbe wawe na vitambulisho, na wafungue akaunti ya benki. Kuna vijiji ambavyo benki ya karibu ni safari ya siku mbili. Tena asilimia 20 ya ushuru uliolipwa ni asilimia 20 ya kidogo, kwa kuwa magogo mengi hayakulipiwa kitu. Matokeo yake mwanakijiji hana sababu ya kumzuia mkataji. Akimzuia hapati kitu. Akimwonyesha mti mzuri ulipo, anapata chupa ya bia na noti mfukoni.

Tanzania, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 na sheria ya misitu ya 2002, ilikubali kijiji kiwe na msitu wake, kiuchore kwenye ramani, kiutungie mpango wa kuvuna, kiuze magogo yake na kubaki na mapato. Si vijiji vyote vilivyofanya hivyo. Ni vichache mno ukilinganisha na ukubwa wa nchi. Lakini tazama Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo la huko huko, vilipata cheti cha FSC, ikiwa ni mara ya kwanza kwa misitu ya asili ya vijiji katika Afrika. Kabla ya hapo gogo la mpingo lilimwingizia mwanakijiji kama senti nane za dola. Chini ya mpango mpya ilitarajiwa wapate dola 19 na zaidi kwa gogo. Hapo mwanakijiji ana sababu ya kutoka usiku na panga kulinda mti wake, na ana sababu ya kutaka kujua gogo lilipimwa vipi. Kikole hakikuziba wizi wa kusini nzima, lakini kiliweka jicho mahali ambapo dola haikuwa na jicho.

Jambo la pili ni kwamba Tanzania ilianza kuuza mbao ngumu za kupandwa. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, uliletwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro huuzwa kwa mnada. Bonde la Kilombero lina shamba la kampuni lililoanza miaka ya 1990 na kiwanda chake. Mnunuzi mkubwa ni India. Sisi tunayo ardhi ya namna hiyo na mvua ya namna hiyo. Lakini msaji huchukua miaka ishirini na zaidi, na gogo la msituni linaonekana kama la bure. Nani atapanda wakati jirani anavuna asichopanda?

Wapo watakaoniambia: "Ndugu, unaisifu Tanzania mno. Viwanda vingi vya enzi za TWICO vilikufa, na magogo yetu mengine yalivuka Ruvuma kwenda kupakiwa kwao." Ni kweli yote mawili. Baada ya daraja la Umoja kufunguliwa Mei 2010 kati ya Negomano na Mtambaswala, tena na kabla yake kwa mitumbwi, mbao kutoka kwetu zilipita kwenda kaskazini, na huko zikapata karatasi za kuzifanya zaliwa wa huko. Nchi moja ikibana, mbao huteremka kwenye nchi iliyolegea. Mwaka 2015 nchi tano, zikiwemo hizi mbili pamoja na Kenya, Uganda na Madagaska, zilitia saini Azimio la Zanzibar la kushirikiana kuzuia biashara ya magendo ya mbao. Serikali zimekwisha kuonana. Sisi wafanyakazi wa pande mbili bado hatujaonana.

Wengine watasema kwamba viwanda vyetu ni vibovu, vinapoteza mbao nyingi, na kwamba mnunuzi anataka gogo, basi tumpe. Maneno haya tumekwisha kuyasikia juu ya korosho. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishurutisha Msumbiji ipunguze ushuru wa korosho ghafi zinazotoka nje, kwa hoja hiyo hiyo ya viwanda vibovu. Korosho zikaenda India, viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Chama chao, SINTIC, hakikukaa kimya. Kilikwenda na hesabu mkononi, mwaka baada ya mwaka, hadi bunge likapitisha mwaka 1999 kwamba ushuru upandishwe uwe kati ya asilimia 18 na 22. Viwanda vingi vya zamani vilikuwa vimekwisha kufa, hilo pia tulikumbuke. Lakini viwanda vipya vilijengwa baadaye katika Nampula. Korosho zina faida moja ambayo chanfuta haina: mkorosho huzaa tena mwaka ujao.

Nami sipendi kusema tu kwamba "hapana budi tuungane" kisha nikakaa. Nina mambo mawili ninayoyataka, nayo si makubwa.

La kwanza ni juu ya neno "mbao." Vyama vyetu, SINTICIM huku, TUICO kule, vidai kwamba mbao iliyopasuliwa iandikwe kwa unene wake na ukavu wake katika kanuni za kutoa nje, na kwamba mti ulioingizwa katika orodha ya CITES, kama mpingo tangu 2017 na sasa mninga na mkongo baada ya mkutano wa Panama wa 2022, usipite bila mpimaji kuufungua mkonge wa kontena na kuupima. Kipande cha mraba chenye unene wa futi moja ni gogo. Kila mpasuaji anajua hivyo, hata mtoto anayeokota mabanzi anajua.

La pili ni juu ya hesabu. Tumeona kwamba siri yote ilifichuliwa na vitabu viwili vilivyowekwa pamoja: cha anayetoa na cha anayepokea. Watu wa mashirika walifanya hivyo wakiwa ofisini ng'ambo, baada ya mbao kuondoka miaka miwili. Lakini karani wa kuhesabu shehena wa Nacala, wa Pemba, wa Beira na wa Mtwara anaandika kila siku, kabla ya meli haijang'oa nanga. Dereva anajua alipakia wapi. Mtu wa krini anajua uzito, maana kontena la mpingo halinyanyuki kama kontena la ufuta. Tukiwa na daftari la chama katika kila bandari, na makatibu wa matawi wa pande mbili wakabadilishana daftari hizo kila baada ya miezi mitatu, hatutahitaji kungoja taarifa ya mgeni. Najua kuna hatari. Mtu anayehesabu magogo ya wakubwa anaweza kupoteza kazi yake, na wapo waliopoteza zaidi ya kazi. Ndiyo sababu nasema daftari liwe la chama, si la mtu, na jina la karani lisiandikwe.

Hoja ya daftari nimeipeleka katika tawi langu, na wajumbe wameuliza ni nani atalipia karatasi na nauli ya kwenda Mtwara. Swali hilo ni la haki, na jibu lake tutalijadili katika mkutano ujao wa tawi, ambao nawaomba makuli na madereva wahudhurie pamoja na sisi wa viwandani.